Boti ya bei nafuu, na namba ninazoambiwa nizijaze

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mhasibu, raia, niko hapa Dar es Salaam katika ofisi inayoshughulika na manunuzi ya vyombo vya ulinzi. Nimeingizwa kwenye timu inayoandaa mchanganuo wa kibiashara wa kununua boti za doria. Shida yangu ni kwamba boti imeshachaguliwa. Wenzangu waliiona kwenye maonyesho wakaipenda, na kweli bei yake iko chini kuliko ya mshindani. Mimi nimeambiwa 'nijazie namba' tu. Afande anayetuongoza, ambaye namheshimu sana, anasema jeshi haliuzi kitu wala halitafuti faida, kwa hiyo mchanganuo ni karatasi ya kuwaridhisha watu wa Hazina. Je, ni kweli? Ulinzi wa nchi utaupimaje kwa shilingi? Na kama hii ndiyo boti ya bei ya chini kuliko zote, kimebaki nini cha kuchanganua?"

Ndugu yangu, kwanza nimeondoa kwenye barua yako mambo mawili ambayo yangeweza kukutambulisha. Ukiniandikia tena, usitaje kikosi, idadi wala aina ya boti. Hesabu ninayotaka kukuonyesha haihitaji siri yoyote.

Nikikusoma vizuri, hofu yako ina pande mbili. Upande mmoja unaogopa kuweka jina lako chini ya hesabu ambayo jibu lake lilitangulia. Upande mwingine unajiuliza kama mhasibu asiyewahi kushika bunduki ana haki ya kumuuliza maswali mtu aliyekaa baharini miaka ishirini. Haki hiyo unayo, na afande mwenyewe ataihitaji siku boti zikianza kulala gatini.

Nianze na pale ambapo afande yuko sahihi. Hakuna anayeweza kuandika kwamba usalama wa pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Mtwara, una thamani ya shilingi kadhaa. Ukiona mchanganuo wa jeshi una safu ya "faida" yenye mabilioni yaliyookolewa kwa sababu vita haikutokea, utilie shaka. Lakini kazi ya mchanganuo haijawahi kuwa hiyo. Robert McNamara alipoingia Wizara ya Ulinzi ya Marekani kama waziri mwaka 1961, aliwaleta wachumi, akiwemo Charles Hitch, na makamanda wengi hawakufurahi. Wachumi hao hawakujaribu kupanga bei ya amani. Waliuliza swali dogo zaidi: kwa kazi ileile ya kijeshi, njia ipi inaifanya kwa gharama ndogo? Au kwa fedha zilezile, njia ipi inatoa kazi kubwa zaidi? Ukishika upande mmoja wa mzani usisogee, upande wa pili unapimika. Kwa hiyo huupimi ulinzi kwa shilingi. Unapima njia za kuupata, na njia zina bei.

Sasa tuje kwenye bei ya chini, maana hapo ndipo watu wengi wenye nia njema wanapojikwaa. Bei unayoiona kwenye ankara ni ya siku moja. Boti itakaa nanyi miaka 15 au zaidi, na katika miaka hiyo itakunywa dizeli, itabadilishiwa injini, itapandishwa chelezoni kukwanguliwa na kupakwa rangi, italipa mabaharia na mafundi, itaagiza vipuri kwa dola. Kwa vyombo vingi vya kijeshi, fedha zinazotumika baada ya kununua huzidi zile za kununulia, mara nyingi kwa mbali sana. Nchini Marekani, wakaguzi wa Bunge, GAO, walieleza mwaka 2024 kwamba makadirio ya kuzihudumia ndege za kivita za F-35 katika maisha yao yote yalipanda kutoka kama dola trilioni 1.1 mwaka 2018 hadi trilioni 1.58 mwaka 2023. Hiyo ni ndege ya taifa tajiri, lakini utaratibu ni uleule kwa boti ya futi arobaini pale Kigamboni.

Tufanye hesabu pamoja. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano, usizichukue kama bei za soko. Tuseme kazi inayotakiwa ni siku 720 za doria kwa mwaka, ukijumlisha boti zote. Boti ya kwanza, tuiite Nafuu, inauzwa shilingi bilioni 2, na kutokana na ugumu wa injini yake na vipuri kuchelewa, inaweza kuwa baharini siku 180 kwa mwaka. Boti ya pili, tuiite Ghali, inauzwa bilioni 3, na inaweza kuwa baharini siku 240. Kwa Nafuu utahitaji boti nne. Kwa Ghali utahitaji tatu. Kununua Nafuu nne ni bilioni 8, kununua Ghali tatu ni bilioni 9. Mpaka hapo wenzako wameshinda kwa bilioni moja, na mkutano ungeweza kufungwa.

Endelea mbele. Kila Nafuu inagharimu shilingi milioni 500 kwa mwaka kuiendesha, yaani mafuta, mabaharia, matengenezo na vipuri. Nne ni bilioni 2 kwa mwaka. Kila Ghali inagharimu milioni 450, na tatu ni bilioni 1.35. Kwa miaka 15, Nafuu imekula jumla ya bilioni 38 na Ghali bilioni 29.25. Angalia ile bilioni 8 ya kununulia Nafuu: ni kama asilimia 21 tu ya fedha zote. Zile asilimia 79 hazikutajwa kabisa kwenye mjadala wenu wa "bei iko chini".

Hapo mtu wa Hazina atakuuliza jambo la haki: shilingi ya mwaka wa 15 si sawa na shilingi ya leo. Ni kweli. Ndiyo maana gharama za miaka ijayo hurudishwa kwenye thamani ya sasa. Ukitumia kiwango cha punguzo, yaani kasi ambayo shilingi ya kesho inapungua uzito, cha asilimia 10 kwa mwaka, shilingi milioni 100 zitakazolipwa mwaka wa 15 zina uzito wa kama milioni 24 leo. Kwa kiwango hicho, Nafuu nne zinakuwa kama bilioni 23.2 na Ghali tatu kama bilioni 19.3. Pengo limepungua, lakini bado ni karibu bilioni 4, na bado linaipendelea Ghali. Kiwango chenyewe usikibuni. Omba kile ambacho ofisi yako imeelekezwa kukitumia, kisha jaribu cha chini yake na cha juu yake uone kama jibu linabadilika.

Usikimbilie kumwambia afande kwamba Ghali imeshinda. Hesabu hii ina goti bovu, na kazi yako ni kulionyesha kabla mtu mwingine hajaligundua. Jiulize: vipi kama zile siku 240 ni maneno ya muuzaji? Tuseme kwa bahari yetu, chumvi yetu na mafundi wetu, Ghali inatoa siku 200 tu. Tatu zitatoa siku 600, hazitoshi. Itabidi ununue ya nne, na thamani ya sasa inaruka hadi kama bilioni 25.7. Ghali imeshindwa. Lijaribu na upande wa pili: Nafuu itabidi iendeshwe kwa kama milioni 370 kwa mwaka badala ya 500 ndipo ilingane na Ghali tatu. Kwa hiyo uamuzi mzima umekalia namba mbili, siku za kuwa baharini na gharama ya kuendesha kwa mwaka. Bei ya kununulia, ambayo ndiyo iliyobishaniwa kikaoni, imekuwa jambo la tatu.

Mwenye daladala wa Gongo la Mboto analijua hili bila karatasi. Gari lililolala gereji halileti hesabu jioni, hata kama lilinunuliwa kwa bei ya kutupa.

Basi tumia nguvu zako kwenye hizo namba mbili. Uliza nani mwingine anazo boti hizo kwenye maji ya joto yenye chumvi kama yetu, na omba kumbukumbu za siku zilizokaa baharini na siku zilizokaa gatini zikisubiri kipuri. Kipeperushi cha muuzaji hakitoshi. Waulize mabaharia na mafundi wa boti mlizonazo sasa: kipi huharibika kwanza, kipuri huchukua muda gani kufika, nani anaruhusiwa kufungua injini bila kuvunja dhamana. Kisha muulize muuzaji kama yuko tayari kuandika siku 240 ndani ya mkataba, akatwe malipo zikipungua. Anayeziamini namba zake huwa hakatai kuzungumza. Anayegeuza mazungumzo kurudi kwenye punguzo la bei amekujibu tayari.

Nimetaja kufungua injini kwa makusudi, kwa sababu haki ya kutengeneza na kurekebisha ni gharama inayosahaulika kuliko zote. Mwaka 1995 Uingereza iliagiza helikopta nane za Chinook Mk3. Zilipokelewa mwaka 2001, zikaishia kuwekwa ghalani kwa miaka, kwa sababu mkataba haukuwapa wanunuzi taarifa za programu za kompyuta zilizokuwa zinahitajika kuthibitisha kwamba ni salama kuruka. Helikopta zilikuwepo, marubani walikuwepo, vita ya Afghanistan ilikuwa inaendelea, na zenyewe hazikuruka. Wakaguzi wa taifa lao waliandika habari hiyo wazi mwaka 2008. Ukisoma rasimu ya mkataba wenu, tafuta kurasa zinazosema nani anamiliki michoro, programu na ruhusa ya kutengeneza. Zikikosekana, ziandike kwenye mchanganuo kama hatari yenye gharama.

Wenzetu wa kusini nao wana funzo chungu. Afrika Kusini ilinunua ndege 26 za kivita za Gripen kupitia mpango wake wa silaha wa mwaka 1999. Mwaka 2013 waziri wao wa ulinzi alilieleza Bunge kwamba 12 kati yake zimewekwa kwenye hifadhi ya muda mrefu. Ndege hazikuwa mbovu. Bajeti ya kuzirusha ndiyo haikuwepo. Unaweza kununua kwa mkopo wa leo, lakini mafuta na vipuri vitaombwa kwenye bajeti ya kila Julai, vikishindana na mishahara, viatu na chakula cha askari. Kwa hiyo, kwa kila njia unayoichanganua, weka mstari unaoonyesha itadai kiasi gani kila mwaka wa fedha, na useme wazi kama kiasi hicho kinaingia kwenye kiwango mnachopata kwa kawaida. Ukiona hakiingii, hiyo ni taarifa nzito kuliko thamani ya sasa.

Na sisi wenyewe tuna rada. Wewe ni kijana labda, lakini mtu yeyote wa Dar mwenye umri wangu anakumbuka mjadala ule. Tanzania ilinunua kwa mkopo mtambo wa rada kutoka BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28, na leseni ya kuuza nje ilitolewa na serikali ya Uingereza mwishoni mwa mwaka 2001 huku waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, akipinga. Hoja moja ya ununuzi ilikuwa kwamba mtambo utahudumia jeshi na ndege za abiria pamoja. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likafanya tathmini kwa ombi la Benki ya Dunia na kusema mtambo ni ghali mno na haukufaa ipasavyo kwa kazi ya kiraia. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu biashara hiyo, ikatozwa faini ya pauni laki tano, na pauni milioni 29.5 zikaja Tanzania, fedha ambazo magazeti yetu yaliziita chenji ya rada na zikapelekwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Watu wakisimulia rada husimulia rushwa. Mimi nakuomba uangalie mpangilio wa matukio. Tathmini huru ya kama mtambo unafaa na kama kuna njia ya bei ndogo zaidi ilikuja wakati uamuzi na mkopo vilikuwa vimeshakwenda mbali. Na hoja ya "utatumika na pande zote mbili" haikuwa imepimwa kwa kila upande peke yake. Kama mchanganuo wenu una sentensi ya namna hiyo, kwamba boti hizi zitafanya doria, zitaokoa wavuvi, zitasindikiza wageni na zitazuia magendo, chukua kila kazi uulize: ingekuwa hii peke yake, tungenunua boti hii? Kazi ambayo jibu lake ni hapana isitumike kuongeza uzito.

Hapa ndipo ninapojibu lile la boti iliyokwisha kuchaguliwa. Mchanganuo unaostahili jina hilo ni ule ambao ungeweza kusema hapana. Kama hakuna namba yoyote ambayo ingebadilisha uamuzi, unaandika barua ya kuunga mkono, na hiyo ni kazi nyingine. Lakini usiingie kikaoni ukisema hivyo. Afande aliyeipenda boti ile huenda ameona kitu cha kweli: inavyokata wimbi, inavyogeuka, nafasi ya mabaharia. Ujuzi huo uingie kwenye karatasi kama vigezo. Mwambie hivi: "Afande, naomba unisaidie kuandika kazi ambayo boti lazima iiweze, bila kutaja jina la boti yoyote. Nikiipata hiyo, nitaweza kuitetea mbele ya Hazina na mbele ya wakaguzi." Simjui afande anayekataa kuulizwa kuhusu kazi yake. Ukipata ukurasa huo umepata msingi. Kama boti yake ni nzuri kweli, itapita.

Kisha panga njia zaidi ya mbili. Watu huweka boti wanayoitaka pembeni ya boti mbaya kuliko zote sokoni, halafu wanaita huo ulinganisho. Weka njia ya kuacha hali ilivyo, na gharama yake, maana kutofanya kitu kuna bili. Weka njia ya kufufua boti mlizonazo kwa injini mpya. Weka njia ya boti chache zikisaidiwa na rada za pwani au ndege zisizo na rubani. Ingekuwa magari, ningekwambia hata uwaulize Nyumbu, kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari pale Kibaha, kabla ya kuangalia ng'ambo. Kukodi nako kuwekwe, ila kwa tahadhari. Baada ya mwaka 2001 Jeshi la Anga la Marekani lilitaka kukodi ndege 100 za kujazia mafuta kutoka Boeing, na wachambuzi wa Bunge wakaonyesha kwamba kukodi kungegharimu zaidi ya kununua. Mpango ulikufa, na Darleen Druyun, ofisa wa ununuzi aliyekuwa akijadiliana na Boeing kwa niaba ya serikali huku akipanga kazi katika kampuni hiyohiyo, alihukumiwa kifungo mwaka 2004. Kukodi huvutia kwa sababu malipo ya mwaka wa kwanza ni madogo. Yapitishe kwenye hesabu ileile ya miaka 15.

Kuna mambo ambayo hayatakubali kuwa namba, na usiyalazimishe. Je, muuzaji ataendelea kutuletea vipuri siasa zikibadilika? Je, redio zake zitazungumza na za vyombo vyetu vingine? Je, tishio liko mlangoni kiasi kwamba miezi kumi na minane ya kusubiri haikubaliki? Yaandike kwa maneno, kando ya hesabu, kila moja na jina la aliyelisema. Wakubwa wakiamua kulipa zaidi kwa sababu ya jambo kama hilo, ni haki yao kabisa, mradi wajue wanalipa kiasi gani cha ziada. Tishio likiwa la haraka kweli, mchanganuo unafupishwa hadi kurasa tatu. Ukurasa wa makisio yaliyotumika kwenye hesabu ubaki hata hapo.

Kuhusu siri: itawalazimu kuweka namba fulani mahali pa siri, sawa, lakini siri haiondoi hesabu. Inapunguza tu idadi ya watu wanaoruhusiwa kuiona.

Sasa, wapi umtafute mtu ana kwa ana badala ya kunitegemea mimi. Kama hakuna katika timu yenu anayeweza kusoma ripoti ya injini na bodi ya boti, ombeni mhandisi wa vyombo vya majini. Chuo cha Bahari kiko hapahapa jijini, na mwenye ruhusa ya usalama anaweza kupatikana kupitia ngazi zenu. Kama mkataba una malipo ya awali makubwa, wakala wa kati, au ahadi za muuzaji kuwekeza nchini ili kufidia ununuzi, usiuguse bila mwanasheria wa kitengo na mtaalamu wa ununuzi aliyesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Na kama umeambiwa ubadilishe namba ambayo unajua ni ya kweli, omba maelekezo hayo kwa maandishi, kwa adabu. Mara nyingi ombi hilo peke yake hulimaliza jambo. Lisipolimaliza, nenda kwa mkaguzi wa ndani, na ukiona kuna fedha inazunguka, TAKUKURU.

Wiki hii fanya jambo moja. Fungua ukurasa mmoja, andika kila namba uliyopewa, aliyekupa, tarehe, na kama imetoka kwenye kumbukumbu, kwa muuzaji au kwa makisio. Uuambatanishe na rasimu yako ya kwanza, na uwape wajumbe wote wa timu nakala. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, akija baada ya miaka minne kuuliza zile siku 240 zilitoka wapi, ukurasa huo ndio utakaojibu, hata kama wewe utakuwa umehamishiwa Songea.